Mchezo Usio na Mshale

Mahali alipozaliwa Maman Salle hapatuhusu, na habari za ukoo wake waulizeni wenye kazi ya kuuliza koo za watu. Mimi nilimkuta akiwa tayari Maman Salle: mwanamke mnene mwenye kitenge, amesimama nyuma ya migongo ya vijana katika chumba kimoja cha Kamembe, anapiga kelele kuzishinda televisheni zake zote.

Salle, kwetu, ni chumba cha michezo ya video. Unalipa, unapewa manette mkononi, unabonyeza vidude vyake mpaka muda wako uishe na mwenzako akuguse bega. Salle zilikuwa nyingi hapa Rusizi, wilaya yetu ya Rwanda yenye mji huo wa Kamembe, na nyingine ng'ambo ya mpaka, Bukavu, Kongo, ambako wengi wetu tulikulia kabla ya kurudi. Zote zilikuwa za mpira. Ya kwake nayo ilikuwa na mpira, maana mpira ndio uliolipa umeme. Lakini kwenye kona ya dirishani aliweka televisheni moja ambayo watu wa mpira hawakuruhusiwa hata kuiegemea. Hiyo ilikuwa ya michezo ya safari, ile ambayo unakuwa mtu fulani, unatoka kwenu, unavuka misitu na mapango, unafungua milango, unatafuta kitu. Watu wengine wana majina yao ya michezo hiyo. Sisi tunaiita michezo ya safari, na jina letu ni zuri zaidi.

Tatizo ni kwamba michezo hiyo iliongea Kiingereza, na sisi tulitoka ng'ambo na Kifaransa cha shule, tena cha kubabaisha. Maman Salle hakuona tatizo lolote. Maandishi yakitokea, alituambia tunyamaze, akayasoma kwa sauti katika Kiswahili chetu.

"Musikie! Huyu muzee anasema: mutoto wangu, kule kwa mulima usiende. Bibi yangu alienda kule, hakurudiaka. Ukimuona, umuambie nyumba ingali wazi."

Na kweli mzee kwenye televisheni alikuwa anatikisa kichwa, ndevu zinacheza. Tulikuwa tunashika vifua. Nani angeacha kwenda mlimani baada ya maneno yale? Nilikuja kujua baadaye sana kwamba mzee yule alikuwa anauza mikuki. Mke hakuwa naye, mlima wenyewe hakuutaja.

Naandika habari zake kwa sababu mwaka huu kazi yangu yote iliwekwa mikononi mwake. Ndiyo, mimi binti wa kutoka kijijini Nyakarenzo natengeneza michezo ya safari. Tuko wawili: mimi naitunga safari na maneno yake, mwenzangu, kijana wa Kigali, anaifanya itembee ndani ya mashine. Mchezo wetu ulipokaribia kwisha, tuliwapa watu wa Kigali waujaribu, wakapotea. Wakalalamika. Mwenzangu akasema lazima tuweke mshale: alama ya manjano kwenye kioo cha televisheni, ikuonyeshe kila wakati pa kwenda. Mimi nikasema mshale ukiingia, mchezo umekufa. Tukagombana, tukanuniana, karibu tuachane. Mwisho nikamwambia twende Rusizi. Maman Salle aucheze. Akipotea na kuukataa, weka mshale wako, sitafungua mdomo tena. Akakubali upesi mno, kwa vile hakuwa anamjua. Mimi ninayemjua nikaanza kuogopa, maana mama huyu hana huruma na mchezo wa mtu yeyote.

Ngoja niwaambie alivyokuwa anahukumu.

Mchezo mpya ulipofika, aliucheza kwanza peke yake, asubuhi, pazia limeshushwa. Hakuna aliyepata kumwona akitafuta njia. Tulipofunguliwa alikuwa ameshajua kila pango, na hukumu ilikuwa tayari. Akiupenda, anapangusa kiti cha dirishani kwa ncha ya kitenge. Asipoupenda, hukumu ya jeu, neno lake la mchezo, tunaisikia tukiwa barabarani.

"Jeu gani hii ya kunituma? Nimevuka jangwa, nimeua joka, nafika kwa mufalme, ananiambia nikamuchumie maua! Miye niko boyi yake?"

Hilo ndilo alilolichukia kuliko yote, kutumwa-tumwa. Alisema mtengenezaji ameishiwa, hana tena cha kukuonyesha, sasa anakuzungusha ili ukawie. La pili ni milango ya rangi, yaani nyumba nzuri, mlango mzuri, unaugonga, kumbe umechorwa tu ukutani. "Kama hauna nyumba ndani, usinichoree mulango," alisema, na alisema kwa uchungu, kana kwamba amepiga hodi kweli akanyimwa karibu. La tatu ni michezo inayokuuliza uchague halafu inafanya yake. Kulikuwa na kijana mmoja wa mpira aliyemtania, akamuuliza kwa nini analichukia hilo wakati yeye mwenyewe pale salle haulizi mtu. Akajibu, "Njo maana siulizaka! Miye sidanganyi muntu."

Na uzuri? Kuhusu uzuri alikuwa na kipimo kimoja tu, na mpaka leo sijapata kingine cha kukishinda. Alisema: "Jeu ya muzuri, ukiizima, unaanza kuwaza: sasa bale bantu banafanya nini?" Basi. Ukiizima ukasahau, ilikuwa rangi tu. Ukiwa unamenya mihogo nyumbani, ukamkumbuka yule mwanamke wa kwenye daraja uliyemwacha analia, hiyo ni safari.

Ulikuwepo mchezo mmoja wenye punda. Punda yule alikubebea mizigo kuanzia mwanzo, na Maman Salle akampa sauti, akamfanya mlalamishi, kila mlima punda anauliza kama tumefika. Tulimpenda kupita shujaa mwenyewe. Kisha, katikati ya safari, punda akafa kwenye maporomoko. Maman Salle alikuwa amekwisha kuliona lile asubuhi, hivyo alijua linakuja, lakini sauti ilimkatika. Akapangusa macho, akageukia upande wa mpira, akaamrisha wapunguze kelele kwa kuwa huku tuko na msiba. Na walipunguza! Mabao yalifungwa kwa kunong'ona mchana kutwa. Niambieni ni mji gani mwingine uliomlilia punda wa televisheni kwa heshima namna ile.

Msidhani alikuwa malaika, lakini. Alikosea, tena kwa kiburi. Aliwahi kuufungia mchezo mzuri sana kwa sababu ya maji tu. "Maji haikuwaka vile," alisema, yaani maji hayawi hivyo. "Siye tunalala pembeni ya Kivu, batatudanganya maji?" Tukambembeleza, akakataa katakata. Tukaenda kuucheza kwa siri katika salle nyingine, akajua kabla hatujarudi, akatununia. Maji yale yalikuwa mabaya kweli, hilo nakubali. Mchezo ulikuwa mtamu.

Na mambo yake mengine hayakupatana kabisa. Mama aliyekata vichwa vya majoka bila kupepesa hakuweza kuchinja kuku. Alimpeleka kwa jirani na kuziba masikio. Mama aliyewabeza watu wanaopenda kuonyeshwa njia hakuweza kufika hata Gashonga, hapa jirani, bila kupanda moto, yaani pikipiki, ya dereva anayemjua, na alimshika kiuno safari nzima akimuuliza kama ndiyo njia yenyewe. Siri ya mtu haikukaa kwake hata kwa dawa. Ukimwambia una mchumba, kesho wavuka mpaka wanakupongeza. Jumapili aliimba kwaya, hakugusa manette, lakini ukikaa karibu naye kanisani uliona vidole gumba vyake vinacheza.

Mimi aliniokota mlangoni. Wasichana hawakuingia salle wakati ule. Wangeingia kutafuta nini, kupokonywa zamu? Nilisimama nje nikisikiliza anavyosoma, siku moja, siku nyingine, mpaka akanivuta kwa mkono hadi kiti cha dirishani. Kijana mmoja akaguna. Maman Salle akamnyang'anya manette akanipa mimi. "Mupe kwanza. Na weye, jifunze kungojea, haiuaka muntu." Nikamwangusha shujaa shimoni mara moja. Hakuna aliyethubutu kucheka. Hadi leo nikiingia kwenye mkutano wa watengenezaji, wanaume peke yao, nakaa kiti cha mbele.

Lakini jambo kubwa alilonifundisha sikulijua mpaka nilipokuwa Kigali, chuoni. Rafiki alikuwa na ule mchezo wa mzee wa mikuki. Nikafurahi sana, nikaomba niucheze tena, safari hii Kiingereza nakielewa. Mungu wangu. Kumbe kijana yule shujaa alikuwa anatafuta taji. Kwa Maman Salle alikuwa anamtafuta nyanya yake! Mlimani kwetu kulikuwa na mke wa mzee; kwao kulikuwa na sanduku. Nilicheza mpaka mwisho, milima ni ileile, muziki ni uleule, nikalipata taji likang'aa, nikaona baridi tu moyoni. Dunia yote ile pana na hakuna mtu hata mmoja anayengojewa nyumbani. Hapo nilielewa kwamba ukubwa wa mchezo hausaidii kitu ikiwa hakuna mtu unayemtafuta ndani yake. Na nilijivunia kwamba, katika chumba kimoja cha Kamembe, mchezo huo ulikuwa bora kuliko kwa waliouunda.

Mchezo wetu umetoka hapo. Ni wa mwanamke aliyerudi kutoka ng'ambo, anamtafuta dada yake mkubwa hapa hapa Rusizi. Ramani hana. Ana mdomo. Anauliza watu njia, nao wanamwelekeza kama watu wetu wanavyoelekeza: shuka mpaka kwa kinyozi, ukiona migomba iliyolala pita juu, ukifika kwenye chai muulize yeyote. Na kuna jambo moja tulilificha, halikuandikwa popote. Ukimpita mtu bila kumsalimia, hakusaidii. Hakutukani, hakufukuzi, anakutazama tu. Wale wa Kigali walipotea kwa sababu hiyo. Wamezoea michezo ambayo watu wa pembeni ni mapambo, unawapita mbio. Hawakusalimia hata mtu mmoja.

Tulifika kwake mchana. Salle imepungua siku hizi, vijana wana simu zao, lakini kiti cha dirishani kipo. Amekuwa na mvi, na miwani ambayo anaivaa kwa hasira.

"Aah, Maman! Umenenepa, tunashukuru Mungu." Kwake kila mwanamke ni Maman. Akanikumbatia, akamtazama mwenzangu toka viatu hadi nywele. "Na huyu? Njo bwana?"

"Hapana, mama. Ni mwenzangu wa kazi."

"Haya. Tutaona."

Mwenzangu aliuweka mchezo kwenye mashine ya mama, ya pale dirishani. Nilimwomba Maman Salle aujaribu peke yake kwanza, kama zamani. Akakataa, mbele ya mgeni wa Kigali alitaka kuonekana. Vijana wakaacha mpira wao, wakasogea. Ikatokea barabara ya kushuka ziwani, vilima vya chai, mabati yanayong'aa baada ya mvua. Maman Salle akasogeza kiti mbele. Kisha maandishi ya kwanza yakaja.

"Kiii!" Akavua miwani, akaivaa tena. "Bameandika Kiswahili yetu!"

Akayasoma kwa sauti hata hivyo, kila neno, na hakuhitaji kutunga hata moja. Vijana walirudia nyuma yake wakicheka kwa furaha. Nilitaka kulia pale pale, nitasema uongo wa nini. Mwenzangu mwenyewe alitabasamu.

Halafu Maman Salle akabonyeza kidude cha kukimbia.

Akampita mukecuru, yule bibi kizee anayeuza parachichi njiani, mbio, vumbi juu yake. Akampita kinyozi. Akapita kati ya wanawake wawili waliokuwa wanazungumza. Mama ambaye ukiingia kwake bila salamu anakurudisha barabarani uanze upya! Lakini manette mkononi ilimpa mazoea ya miaka yote, ya kukimbilia mbele. Niliuma mdomo. Alipofika kwenye mashamba ya chai, njia zikawa nyingi. Akamuuliza mchumaji. Mchumaji akamtazama. Akamuuliza mwingine, naye akamtazama.

"Juu ya nini habanijibu? Bako na kiburi, hawa!"

Akazunguka. Akarudi palepale. Akazunguka tena, jasho likamtoka puani. Vijana wakaanza kutazamana, maana hawakuwahi kumwona Maman Salle amepotea. Mmoja akarudi kwenye mpira, kisha wa pili. Mwenzangu alinitazama, na nilijua anauwaza mshale wake. Mwisho mama aliweka manette chini, taratibu, na upole ule uliniumiza kuliko kama angeitupa.

"Maman, jeu yenu imenichokesha," alisema. "Niko kwetu, napotea kama mugeni. Inaniuma roho." Akachukua kitenge chake cha juu, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya, bila kutusindikiza.

Nilitembea mpaka kituo cha moto nikiwa sioni vizuri. Ahadi ni ahadi. Mwenzangu, kwa wema wake, hakunicheka. Alisema, "Nitauweka mdogo. Hautaonekana sana." Ningependa angenicheka.

Tulilala kwa mama yangu, kule Nyakarenzo. Asubuhi mwenzangu alifungua kompyuta mezani, kando ya chai na viazi vitamu, akaanza kuuchora mshale wake. Nilimwona unavyotokea, wa manjano, unaelea juu ya barabara yetu, unaelekeza kwa dada bila kumuuliza mtu. Nilikuwa naangalia pembeni simu ilipolia.

Alikuwa Maman Salle. Akanisalimia. Akauliza nimeamkaje, nimelalaje, mama yangu ameamkaje, magoti ya mama yangu yameamkaje. Akaomba nimsalimie na yule kijana wa Kigali, tena akangoja nimsalimie kweli, na kijana aitikie kwa sauti, kabla hajaendelea.

"Sasa musikie," akasema. "Nimerudi kule mwanzo. Polepole, kwa miguu. Ule mukecuru wa avoka nikamusalimia. Weee! Kumbe muntu anaongea! Ameniambia njia yote, mpaka jina ya imbwa ya dada yangu. Nikapita kwa kinyozi, nikasalimia, kwa bale bamama, nikasalimia. Kwa chai banacheka na miye sasa! Niko kwa kivuko. Lakini kuko muzee amekaa pale. Nimemusalimia muzuri, tena mara mbili. Anainamisha kichwa tu, hasemi. Huyu miye nimemukosea nini?"

Mzee wa kivukoni ndiye ninayempenda kuliko wote niliowatunga. Nikavuta pumzi. "Mama, yule mzee, unajua..."

"Weee! Nyamaza! Usiniambie!"

Nyuma yake nilisikia mlango wa salle unagongwa, vijana wanaita wafunguliwe, muda wa kufungua umepita. Maman Salle akageuka bila kukata simu, akapaza ile sauti yake.

"Mungojee huko inje! Sijafika kwa dada yangu!"

Kisha simu ikakatika. Mwenzangu alikuwa amesikia yote, kama alivyosikia mama yangu jikoni na labda majirani pia. Akaweka kikombe chini. Akaufuta mshale, akaomba aongezewe chai.